SV650 au R6 kwa mbio za muda wa saa 6?

Ndugu yangu, umeuliza ununue pikipiki gani kwa mbio za saa 6, Yamaha R6 au Suzuki SV650, mkipokezana kuiendesha watatu na bajeti ni ndogo. Chukua SV650. R6 ina mbio kweli, lakini nguvu yake inaamka injini ikipita mizunguko 10,000 kwa dakika, na mikono ikishachoka huwezi kuikimbiza hivyo. SV ina silinda 2, inavuta tangu chini, haili matairi ovyo.

Pesa itakayobaki iweke kwenye shokapu za mbele, ni laini mno: ukikamata breki, pua inazama. Beba mikono ya klachi ya akiba.

Na tafadhali, boliti ya kumwagia oili ifunge kwa waya. Yangu ililegea, oili ikalowesha tairi la nyuma, nikaanguka konani.