Ada za wawekezaji: majibu kwa wasomaji wa Malindi

Jirani yetu amejenga flati na twaambiwa ada zote kalipa kaunti. Mbona mtaro haujaja, na mvua ikinyesha maji yaingia kwetu? – Msomaji, Muyeye

Mna haki ya kukasirika. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kumtoza mwekezaji ada ya uendelezaji, lakini pesa hiyo haiwekwi kando kwa ajili ya mtaa wenu. Kifungu cha 207 cha Katiba kinaelekeza mapato ya kaunti kwenye Mfuko mmoja, na hayatoki humo bila idhini ya kisheria. Ada ya flati zile imechanganyika na ya soko na ya maegesho. Mkiuliza "pesa yetu iko wapi?", afisa atawajibu ukweli mtupu, kwamba iko kwenye Mfuko, na mtatoka bila kujua lolote.

Ulizeni masharti ya kibali. Kaunti inaweza kuidhinisha ujenzi kwa masharti; ikiwa mtaro uliandikwa humo, mwenye flati hajamaliza kazi, na ofisi ya mipango haina budi kumfuata. Ikiwa haukuandikwa, aliyepitisha ramani aeleze alidhani maji yataelekea wapi. Swali hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana ada haiwezi kufidia ramani mbovu.

Nilipoomba kuona masharti hayo niliambiwa ni siri. – Msomaji, Maweni

Acha kuomba kwa mdomo, dada. Andika barua, kwa Kiswahili ukipenda; Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakubali. Taja namba ya kiwanja na hati unayoitaka, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kuomba ni bure, utalipia nakala tu. Wana siku 21 za kujibu. Wakikataa, una siku 30 za kufika kwa Tume ya Haki za Utawala, ile inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Siri za kibiashara zinalindwa, lakini masharti yaliyowekwa na ofisi ya umma sioni yatakuwaje siri.

Ndugu yangu aliye London asema huko baraza hutangaza pesa za wawekezaji. Kweli? – Msomaji, Barani

Kweli. England, baraza linalopokea michango hiyo hutakiwa kuchapisha taarifa kila mwaka kabla ya 31 Desemba. Malalamiko ya pesa kulala bila kutumika hayajaisha, ila wananchi wana karatasi ya kushika. Nasi tuidai. Bunge la Kaunti ya Kilifi linakaa hapa hapa Malindi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuliandikia ombi rasmi. Ombeni taarifa ya kila mwaka, wadi kwa wadi: kilichopokelewa na kilichojengwa.

Tumwandikie Mkaguzi Mkuu? – Msomaji, Casuarina

Mwandikieni, lakini yeye hukagua mwaka uliokwisha. Mwoneni kwanza mwakilishi wadi, mapema, kwa kuwa makadirio ya bajeti hutakiwa kufika kwenye Bunge la Kaunti kufikia 30 Aprili.