Kikundi cha bahati nasibu: nafasi yaongezeka kweli?

SWALI: Tuko kumi hapa sokoni Malindi. Tumealikwa mtandaoni kwenye kikundi cha kununua tiketi za bahati nasibu kwa pamoja, kila mtu shilingi 200 kwa wiki. Je, tutashinda kwa urahisi zaidi?

JIBU: Nafasi huongezeka, ila kidogo mno. Mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49 una michanganyiko 13,983,816. Kwa shilingi zenu 2,000, tiketi ikiwa shilingi 100, mtapata 20: nafasi moja kati ya takriban 699,191, na zawadi mtaigawa mara kumi. Kwa kila shilingi utoayo hujapata faida yoyote, na msimamizi akikata ada, mmepunjwa. Michanganyiko ikirudiwa, tiketi ya pili haiongezi nafasi hata chembe.

Ugomvi huanzia kwenye pesa. Andikeni kabla ya droo nani kalipa na fungu lake. Asiyelipa wiki hiyo hamo. Picha za tiketi zote zitumwe kabla ya droo, kwani baadaye hazithibitishi kitu. Huyo msimamizi msiyemjua tusingemtumia hata senti: tiketi zikiwa kwa jina lake, zawadi italipwa kwake. Akidai "ada ya kutoa zawadi", ni tapeli.