Jinsi ya kusoma malalamiko 27 ya Tangazo la Uhuru wa Marekani

Anayeanza kusoma chanzo cha uhuru wa Marekani hukutana mapema na jibu la haraka: watu wa makoloni ya Uingereza huko Amerika walikataa kodi. Ukilitegemea hilo peke yake, utakwama pale utakapoulizwa kwa nini Sheria ya Chai ya 1773 ilizua vurugu ilhali ilishusha bei ya chai. Anzia kwenye Tangazo lenyewe la tarehe 4 Julai 1776, na usome ile sehemu ambayo wengi huiruka, yaani orodha ya malalamiko.

Yape malalamiko namba kwa penseli, kwani maandishi ya asili hayana namba. Kwa hesabu iliyozoeleka yanafika 27. Piga mstari baada ya la 12, na mwingine baada ya la 22. Fungu la kwanza ni matendo ya Mfalme George III katika utawala: kugoma kuidhinisha sheria, kuvunja mabaraza ya kutunga sheria, kuwafanya majaji wamtegemee yeye kwa ajira na mshahara, kuweka jeshi wakati wa amani. Fungu la pili ni sheria za Bunge la Uingereza. La tatu ni vita, ambavyo vilikuwa vimeanza Lexington na Concord, katika koloni la Massachusetts, Aprili 1775.

Tumia muda mwingi kwenye fungu la pili. Kodi imetajwa humo kwa kifupi mno, kwenye namba 17. Kila mstari una sheria nyuma yake, na kazi yako ni kuitafuta na kuiandika pembeni pamoja na mwaka wake. Namba 18 inalalamikia kesi kuamuliwa bila jopo la raia, kwa kuwa kesi za magendo zilipelekwa kwenye mahakama za mambo ya bahari ambako jaji aliamua peke yake. Namba 21, kufutwa kwa hati za kuanzishwa kwa makoloni, inaelekea kwenye sheria ya 1774 iliyobadilisha serikali ya Massachusetts. Namba 22 inanukuu karibu neno kwa neno sheria ya 1766, ambayo Bunge liliipitisha wakati uleule lilipofuta kodi ya stempu ya 1765, iliyotozwa kwenye hati na magazeti, likijipa mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika kila jambo. Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi: nani ana haki ya kutoza na kutunga sheria, hata kama kiasi ni kidogo.

Rudi sasa kwenye chai. Ushuru wa peni 3 kwa ratili ulikuwepo tangu 1767, na ulibakizwa 1770 ushuru mwingine ulipoondolewa. Sheria ya 1773 iliiruhusu Kampuni ya India Mashariki ya Uingereza kuuza chai moja kwa moja katika makoloni, hivyo chai yake ikawa rahisi. Wapinzani waliona kwamba mnunuzi akilipa ushuru ule amekiri haki ya Bunge kutoza. Makasha 342 yakatupwa bandarini Boston usiku wa tarehe 16 Desemba 1773.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mtego wake hapa. Tumezoea uhuru unaodaiwa na wenyeji dhidi ya wageni. Hawa waliopinga kodi ya stempu mwaka 1765 walikuwa walowezi, wakidai haki za Mwingereza, ikiwemo ile ya Sheria ya Haki ya 1689 kwamba fedha hazitozwi bila ridhaa ya Bunge. London ilijibu kwamba wabunge huwakilisha raia wote wa Mfalme, kama walivyowakilishwa watu wa Manchester, mji ambao haukuwa na mbunge wake. Makoloni yakaukataa uwakilishi wa namna hiyo. Hoja ya haki za asili na serikali inayotokana na ridhaa ya watawaliwa, ambayo ina mizizi kwa mwanafalsafa Mwingereza John Locke, ilichukua nafasi ya mbele baadaye, matumaini ya suluhu yalipofifia. Julai 1775 Kongamano, yaani mkutano wa wajumbe wa makoloni, lilikuwa bado linatuma ombi la amani, na Agosti Mfalme akatangaza kwamba makoloni yameasi. Kwa hiyo usiandike kwamba walitaka kujitenga tangu mwanzo wa ugomvi.

Utajiuliza kwa nini Tangazo linamshambulia Mfalme na halilitaji Bunge la Uingereza kwa jina, ila linasema ameungana na “wengine”. Kufikia 1774 waandishi kama Thomas Jefferson na James Wilson walishikilia kwamba Bunge halina mamlaka yoyote juu ya makoloni, na kwamba kilichowaunganisha na Uingereza ni Mfalme pekee. Kulishtaki Bunge kungekuwa kukiri kwamba liliwahi kuwatawala.

Isome namba 27 polepole. “Maasi ya ndani” inayoyataja yanagusa tangazo la Gavana Dunmore wa Virginia, Novemba 1775, lililowaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la Mfalme. Mstari huohuo unawaita wenyeji wa Amerika washenzi wasio na huruma. Weka pembeni yake aya ya rasimu ya Tangazo, iliyoandikwa na Jefferson, iliyoilaani biashara ya watumwa na kumtwika Mfalme lawama. Kongamano liliifuta, na Jefferson aliandika kwamba ilifutwa ili kuziridhisha South Carolina na Georgia.