Bati linachanika kwenye kona, kompyuta itasaidia?

SWALI: Shikamoo mhariri. Tuna karakana Nyakato hapa Mwanza, tunakandamiza mabeseni kwa presi, kila tukichonga dai (kalibu la chuma) jipya bati linachanika pale chini kwenye kona. Eti kuna programu inayoonyesha mapema?

JIBU: Marahaba fundi. Ipo, na ni kitu kizuri sana aisee. Kompyuta inaligawa bati vijipande vidogo vidogo kama matundu ya wavu wa dagaa, halafu inapiga hesabu kila kijipande kimevutika kiasi gani na kimebaki na unene gani, kwa hiyo unaona pa kuchanika kabla hujachonga chuma. Viwanda vya magari wanatumia LS-DYNA, wewe anza na CalculiX, ya bure. Ila ukiweka namba za kubahatisha za nguvu ya bati na msuguano, picha itatoka nzuri na itakudanganya, kwanza peleka vipande vya bati lako hilohilo maabara vipimwe kwa kuvutwa.

Wakati huo chukua kipenyo cha bati kabla halijakandamizwa, gawanya kwa kipenyo cha panchi, kile chuma kinacholisukuma bati ndani ya dai. Ikizidi 2 usilazimishe mara moja, kandamiza kwa awamu mbili. Na grisi paka upande wa dai tu, chini ya panchi pabaki pakavu, ule msuguano unalishika bati lisivutike.