Protini za kirusi "huingiliana" au "hushikamana"?

SWALI: Nafundisha baiolojia hapa Mtwara. Naandaa maelezo kuhusu kirusi cha madoa meupe kwa vijana wa Mikindani wanaotaka kufuga kambamiti. Nimeandika: "Protini za bahasha ya virusi zinaingiliana." Mwenzangu kasoma, kacheka, hakusema kwa nini. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, nadhani kilichomchekesha ni kitenzi. Kuingiliana ni neno halali. Wafamasia husema mwingiliano wa dawa, yaani dawa moja kuongeza au kupunguza nguvu ya nyingine. Lakini limetokana na kuingilia, na ukiwatamkia vijana hivihivi, wengine watawaza mambo ya chumbani, wengine ugomvi wa mipaka ya shamba. Unachotaka waone hawatakiona.

Na unachotaka waone ni kitu cha kushikika. Katika kirusi hiki, protini iitwayo VP28 iko upande wa nje na imebainika kujishikiza kwa nyingine, VP24. VP26 nayo inaunganisha sehemu ya nje na kiini cha ndani kilichobeba DNA. (Namba hizo ni makadirio ya uzito wa protini kwa kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli; waeleze, watauliza.) Kwa hiyo kitenzi chako ni cha ukoo wa shika. Je, ni shikana au shikamana?

Hapo Mikindani ufukweni, watazame mabaharia wawili wanaosalimiana. Wameshikana mikono, wakimaliza wanaachiana. Sasa tazama mashua iliyo nyuma yao. Mbao zake zimeshikamana: misumari imezibana, kalafati imejaa kwenye maungio, ukivuta ubao mmoja na wa pili unakuja. Tofauti yote imebebwa na kiambishi -am-, kile tunachokisikia katika inama, simama na kwama, chenye kuonyesha hali iliyotulia. Kikifuatwa na -an- ya kutendana tunapata shikamana, fungamana, gandamana. Protini zinapokutana, hushikana. Zikishajenga umbo la kirusi, zimeshikamana. Lugha yetu inatenganisha hatua hizo mbili kwa silabi moja tu, nami naona ni hasara kubwa kuziacha zote chini ya kuingiliana.

Bahasha iachie barua. Kinachokizunguka kirusi ni tabaka jembamba la mafuta lililopachikwa protini, na Kiswahili kina utando: ule unaofunika uji ukipoa, ule wa buibui. Neno hili ni la kitenzi tanda, hichohicho wanachokitumia akina mama wa pwani wanapokwenda kutanda uduvi kwa kitambaa. Vijana wako watalielewa kabla hujamaliza kulieleza.

Wapo wanaopendelea gamba. Kwa somo hili nakusihi usilitumie, kwa kuwa madoa meupe yenyewe hutokea kwenye gamba la kambamiti. Ukiwa na gamba la mnyama na gamba la kirusi katika aya moja, mfugaji atapotea, na huu si ugonjwa wa kupotea nao: bwawa zima laweza kufa ndani ya siku 3 hadi 10, na mwaka 2011 ulishaingia Msumbiji, jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma.

Kuhusu virusi: kimoja ni kirusi, vingi virusi. Sentensi yako iwe hivi: "Protini za utando wa kirusi zimeshikamana."