Sugu yenye kiini kwenye kidole cha mguu: kwa nini inarudi kila ukiikata

SWALI: Juu ya kidole changu kidogo cha mguu wa kulia kuna kitu kigumu cha duara, saizi ya punje ya mtama, kinachoniuma nikivaa viatu. Nimekikata kwa wembe mara tatu, na kila mara hurudi baada ya wiki chache. Chini ya unyayo pia nina ngozi nene ya manjano, ila hiyo haiumi. Mzizi wake unatolewaje? Na ile dawa ya majimaji ya kuchomea inafaa?

JIBU: Hakuna mzizi wa kutoa. Ngozi ikibanwa au kusuguliwa mahali pamoja kwa muda mrefu, hujilinda kwa kutengeneza tabaka nene la keratini, ile ile inayojenga kucha. Msuguano ukitawanyika kwenye eneo pana, unapata sugu ya kawaida, kama hiyo ya unyayoni. Mbano ukikusanyika kwenye nukta moja, kwa kawaida juu ya mfupa, keratini hujisokota ikawa kiini kigumu kilichochongoka kuelekea ndani. Ncha hiyo ndiyo inayochoma neva kila kiatu kinapogusa. Wembe unaondoa kiini, lakini kiatu kinakitengeneza upya.

Kwanza hakikisha si chunjua, kwa sababu chunjua huletwa na virusi na tiba yake ni nyingine. Bonyeza moja kwa moja kutoka juu, kisha ifinye kwa pembeni kwa vidole viwili. Sugu huuma zaidi ukiibonyeza. Chunjua mara nyingi huuma zaidi ikifinywa. Angalia pia michirizi ya ngozi: kwenye sugu ya unyayo inapita juu yake, kwenye chunjua inakatika na kuizunguka, na mara nyingi utaona vidoa vyeusi, ambavyo ni vishipa vya damu iliyoganda.

Sasa tafuta mbano, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, simama juu ya karatasi na uchore mzunguko wa mguu wako. Weka kiatu juu ya mchoro. Mstari ukitokeza nje ya kiatu upande wa kidole kidogo, mkosaji umeshampata. Mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya kama sentimita 1 ukiwa umesimama. Ingiza mkono ndani upapase: mshono uliotokeza mahali pale pale penye sugu unatosha kuileta hata kama saizi ni sahihi. Kiatu kikubwa mno nacho kina kosa, kwa sababu mguu unateleza na kusuguliwa. Visigino virefu husukuma uzito mwingi mbele, ndiyo maana sugu za unyayo mara nyingi hukaa nyuma kidogo ya vidole. Kama kidole chenyewe kimepinda kama kulabu, kinahitaji kiatu chenye kina mbele, si upana tu.

Kupunguza ngozi nene ni rahisi. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 hivi, kisha sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, kuelekea upande mmoja. Acha mara ngozi inapokuwa laini na nyororo. Ukiendelea hadi iwe nyekundu, ngozi hujibu kwa kuongeza unene, na umejirudisha nyuma. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha. Kausha, kisha paka krimu yenye yurea asilimia 10 hadi 25 kila usiku. Yurea huvuta maji na kulegeza keratini. Usiipake katikati ya vidole, kwani unyevu wa pale hukaribisha fangasi.

Kuvaa kipedi chenye tundu katikati kunasaidia, lakini sugu lazima ikae ndani ya tundu, mbano uhamie pembeni. Kipedi kinene ndani ya kiatu kile kile kinachobana kinaongeza mbano, na wengi hukosea hapo.

Dawa ya majimaji unayoitaja kwa kawaida ni asidi ya salisiliki, takriban asilimia 17; plasta zake hufika 40. Inafanya kazi, ila haijui tofauti ya ngozi mfu na ngozi hai. Ipakwe kwenye sugu tu, na plasta ikatwe ilingane nayo kabisa. Plasta hubadilishwa kila baada ya saa 48, na matumizi yasizidi siku 14. Ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe na kuanza kuuma, acha.

Wembe uache leo. Kidole kidogo kina nyama haba, na mfupa na kiungo viko karibu sana. Mkato mdogo unaweza kupeleka vijidudu huko.

Hiyo ya unyayoni, maadamu haiumi wala haijapasuka, si lazima uiondoe. Ngozi hiyo inakulinda.

Yote haya ni kwa mtu mwenye miguu yenye hisia na damu inayozunguka vizuri. Mwenye kisukari, ganzi miguuni au mishipa iliyoziba asitumie asidi wala kitu chenye makali, na asiloweke miguu. Huenda asisikie maji yakimuunguza wala kidonda kikianza. Amwone mtaalamu wa miguu au daktari. Kwake doa jeusi au la rangi ya damu chini ya sugu ni la kushughulikiwa siku hiyo hiyo, kwa sababu mara nyingi kidonda kimeshajificha chini yake. Yeyote akiona usaha, wekundu unaosambaa au joto lisilo la kawaida aende bila kungoja.