Mizani Kwanza, Barua Baadaye

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha fizikia kidato cha pili hapa Newala. Wanafunzi wangu wamepima miche mitano ya sabuni ya kufulia kutoka duka lililo karibu na shule, na yote imepungua uzito ulioandikwa kwenye karatasi yake. Wamekasirika, wanataka kuwaandikia wenye kiwanda kwamba ni wezi. Nafurahi kuona wanajali, lakini moyo wangu unasita. Niwaachie?
Mwalimu wa fizikia, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waandike, ila si wiki hii.

Kabla ya kustaafu nilifundisha sayansi hapa Mtwara mjini, na barua kama hiyo niliwahi kuiachia itoke. Tulinunua sabuni za mche duka moja la Chikongola, tukapima, tukaandika kwa ukali. Kiwanda kikajibu kwa upole na maswali mawili: sabuni ilitengenezwa lini, na ilikuwa imekaa wapi? Hatukuwa na jibu hata moja. Sabuni ya mche ina maji ndani yake. Ikikaa miezi chini ya bati, na joto letu la Oktoba, maji yanatoka na uzito unashuka bila mkono wa mtu kuigusa. Ilinibidi nisimame mbele ya watoto wale niwaambie kwamba tumemshtaki mtu kabla ya kuchunguza, na kosa ni la mwalimu wao.

Kwa hiyo anza na mizani yenu. Mimina lita moja ya maji safi kwenye chombo ambacho uzito wake mnaujua. Maji yawe karibu kilo 1. Mizani ikisema vingine, hapo hamna kesi. Kisha nunueni sabuni ileile maduka matatu, na mche mmoja utoke kwenye katoni inayofunguliwa mbele yenu kwa muuza jumla. Pimeni leo, wekeni rafuni, pimeni kila wiki kwa mwezi mzima, wachore grafu. Mche mpya wa katoni ukiwa pungufu tangu siku ya kwanza, sasa mna neno la kusema.

Wakimaliza sabuni watataka mafuta ya kula, nawajua. Hapo kuna mtego. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takribani gramu 920, si kilo. Mtoto asiyejua msongamano, yaani kwamba vitu vya ujazo mmoja hutofautiana uzito, atasema gramu 80 zimeibwa. Mafuta yapimwe kwa silinda ya kupimia. Na kiberiti kikiandikwa “wastani wa njiti 40”, kiboksi kimoja chenye 37 hakithibitishi kitu. Hesabuni viboksi ishirini, mgawanye. Sijapata somo la wastani linaloingia vizuri kuliko hilo.

Povu nalo lina masharti yake. Sabuni inayotoa povu jingi kwenye maji ya mvua mliyokinga huko juu Newala hugoma kwenye maji magumu ya kisima, yale yenye chumvichumvi nyingi. Maji yawe yale yale, kiasi kile kile, nguo ile ile. Wewe vua karatasi, andika A, B na C, wafuaji wasijue ipi ni ipi, maana kila mmoja atatetea sabuni ya mama yake. Vipodozi vya kung'arisha ngozi na dawa za wadudu visiingie darasani kabisa.

Ndipo barua. “Sabuni yenu mbovu” haimsaidii mtu kiwandani. Anachohitaji ni namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, duka na siku mliyonunua, mlivyopima, mlichopata. Kwa mfano: “Tulipima miche mitano ya toleo hili siku tuliyofungua katoni, yote ilikuwa chini ya uzito ulioandikwa. Tunaomba mtueleze sababu.” Neno wizi halimo, na halihitajiki. Kama kuna kilichowapendeza, karatasi isiyochanika ovyo au maandishi yanayosomeka, wakiseme pia, kwa kuwa nacho wamekiona.

Wasipojibiwa, suala la uzito lipelekeni Wakala wa Vipimo. Ubora wa bidhaa, pamoja na usalama wa chakula na vipodozi tangu mwaka 2019, ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kampuni ikiwatumia katoni ya sabuni badala ya maelezo, irudisheni. Najua shule ina uhitaji. Irudisheni hivyo hivyo, na muombe maelezo tena.

Barua iandikwe na wanafunzi wenyewe, kwa Kiswahili chao. Wewe hakiki tarakimu, sentensi zao usiziguse.